Mwalimu, Nisome Ufunguzi Gani?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wachezaji na wazazi wa klabu yetu ya sataranji hapa Dar es Salaam. Wengi mliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka, nimeondoa kukohoa tu.

Shikamooni wazee wangu. Wazazi, walimu wenzangu, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa na mada ambayo sikuichagua mimi. Imechaguliwa na kijana mmoja wa hapahapa, yuko mstari wa pili, simtaji jina. Wiki tatu zilizopita alinifuata baada ya mazoezi, simu mkononi, akanionyesha video alizohifadhi. Jamani, zilikuwa nyingi, zote za ufunguzi, yaani zile hatua za kwanza za mchezo: Dragon, Caro-Kann, London, Gambiti ya Mfalme, mitego kumi ya kummaliza mpinzani kabla hajakaa vizuri. Bando lake lote la mwezi lilikuwa mle. Akaniuliza, "Mwalimu, nisome ufunguzi gani ili nipande?"

Nikamuuliza mechi yake ya mwisho aliipotezaje. Akakuna kichwa. "Niliacha malkia, akaliwa." Hatua ya ngapi? "Ya ishirini na kitu."

Sasa malkia ameliwa hatua ya ishirini na kitu, na dawa inatafutwa hatua ya tatu. Huyo ni mtu anayeumwa goti, anakwenda kung'oa jino.

Mnacheka. Mimi sikumcheka, maana ugonjwa huo niliwahi kuwa nao, tena ulinikaa miaka.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipata kitabu cha ufunguzi wa Sisilia, ule mkondo wa Najdorf. Kilikuwa fotokopi ya fotokopi, kurasa zimekatwa pembeni, herufi ya mwisho ya kila mstari haipo. Nilikikariri kama mtu anayesubiri mtihani wa taifa. Usiku taa imezimwa mimi nanong'ona: e4, c5, farasi f3, d6, d4, nakula, anakula kwa farasi, farasi f6, farasi c3, a6. Kwa wazazi msiocheza: herufi ni safu ya ubao kutoka kushoto, namba ni mstari kutoka upande wa Nyeupe. Hapo ndipo Najdorf inaanza, hatua ya tano. Mimi nilikuwa na njia tatu kichwani hadi hatua ya kumi na nane. Nilijiona profesa.

Basi nikaingia mashindano ya Pasaka. Raundi ya kwanza nikapangiwa mzee mmoja, kofia ya viua kichwani, mfuko wa machungwa miguuni. Akafungua e4. Moyo ukaruka. Nikajibu c5, nikaibonyeza saa kama mtu anayeua mbu. Mzee akautazama ubao, akamenya chungwa taratibu, akasukuma askari wa c hatua moja. c3. Akaendelea kumenya.

Kitabu changu hakikuwa na c3. Yaani hiyo ni njia ya kawaida kabisa, ina jina lake, Alapin, imechezwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Lakini mimi nilitaka Najdorf, na mwandishi aliniahidi Najdorf. Nilikaa dakika ishirini na tano nikitafuta kichwani ukurasa ambao haupo.

Nyie wa Dar mtanielewa. Kuna dereva anayeijua Morogoro Road tu: Magomeni, Jangwani, Fire, mjini. Kila siku anapita hapo na kila siku anafika, kwa hiyo anajiamini. Mvua ikinyesha, Jangwani ikajaa, barabara ikafungwa, anazima injini katikati ya foleni na kuanza kuilaumu serikali. Mwenzake anayelijua jiji anakata kona, anazungukia Salender, anafika amechelewa lakini amefika. Yule mzee alinijazia Jangwani hatua ya pili.

Ila subirini, sikufa pale. Sehemu hii nilikuwa siisimulii zamani, kwa sababu inaharibu hadithi nzuri ya "nilishindwa kwa kutojua Alapin". Ukweli ni kwamba nilijikongoja. Msimamo wangu, yaani kete zilivyokaa ubaoni, haukuwa mbaya. Tukabadilishana kete, tukabadilishana malkia, saa yangu inalia lakini niko hai. Mwisho tukabaki hivi, na niwawekee kwenye ubao huu mkubwa mwone wenyewe.

Mzee ana Nyeupe: mfalme d5, askari mmoja e5, ngome h7. Mimi nina Nyeusi: mfalme e8, ngome a1. Zamu yangu. Askari mmoja tu ndiye tofauti kati yetu.

Nani anaona cha kufanya? Mama pale anasema nirudi nyumbani nikamlinde mfalme. Asante mama, ndicho nilichofanya. Niliogopa, nikairudisha ngome mstari wa nane, a8, ikakaa karibu na mfalme wangu kama mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake. Mfalme wake akapanda e6, akatishia chekimeti kwa ngome kushuka h8, na kutoka hapo nilikuwa najitetea tu mpaka nikasalimu amri.

Sasa tazameni. Ngome inakwenda a6. Haifanyi kitu kingine, inakaa mstari wa sita. Mfalme mweupe anataka kupita d6 au e6 au f6, hawezi, mstari wote una mlinzi. Mimi natembeza ngome a6, b6, a6, b6, kama mlinzi wa geti. Atakachobaki nacho ni kusukuma askari e6. Akishasukuma tu, ngome yangu inateremka hadi a1 na kuanza kumpiga mfalme wake cheki kutoka nyuma. Zamani angejificha mbele ya askari wake, sasa askari ameshatangulia, mwavuli haupo. Akienda d6, cheki d1. Akitoka, cheki tena. Sare.

Ulinzi huu una jina la Philidor, mwanamuziki Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa bingwa wa sataranji wa zama zake. Mzee alinionyesha baada ya mechi, vidole vinanukia chungwa. Alisema, "Kijana, sare yako ilikuwa hapa." Ilimchukua dakika kumi. Mimi nilikuwa nimetumia miezi saba kwenye Najdorf.

Niliporudi nyumbani nilifanya jambo ambalo nawaomba kila mmoja wenu alifanye, hata kama mtasahau mengine yote ya leo. Nilichukua daftari langu la mechi, nikaziweka mbele mechi zote nilizopoteza mwaka ule, na kila moja nikaiuliza swali moja: ilikufa wapi? Siulizi nani alikuwa na nafasi kidogo nzuri zaidi. Naulizia mahali ilipokufa. Nyingi zilikufa kwa kete iliyoachwa bila mlinzi, au farasi aliyemrukia mfalme na ngome kwa mpigo mmoja nami sikumwona akija. Chache zilikufa mwishoni, kwenye ngome na askari. Iliyokufa ufunguzini ilikuwa moja, na hiyo nilikuwa na malaria.

Kwa nini basi tunakimbilia ufunguzi? Nadhani ni kwa sababu unafundishika kwa kukremu, nasi tumelelewa hivyo. Darasani aliyekariri ndiye aliyefaulu. Ufunguzi una majina mazuri, una hatua ya kwanza hadi ya kumi, ukimaliza unajisikia umemaliza kitu. Fumbo la farasi na malkia halikupi hisia hiyo. Unalikosea mara nne, la tano unalipata, na kesho unapewa lingine. Mtu akirudi nyumbani akaulizwa "leo umejifunza nini?", "Caro-Kann" inasikika kuliko "nimejifunza kutazama kete zangu kabla sijahamisha".

Kuna na hesabu yake. Nyeupe ana hatua ishirini za kuanzia: kumi na sita za askari, nne za farasi. Nyeusi naye ishirini. Kwa hiyo kila mtu akicheza mara moja tu, kuna misimamo 400. Kila mmoja akicheza mara tatu, njia za kufika hapo ni 119,060,324. Nyingi ni za kipuuzi, nakubali, hakuna anayezihitaji. Lakini mpinzani wako wa hapa mtaani anaruhusiwa kucheza za kipuuzi, na ndizo anazozicheza! Video yako imeandaliwa dhidi ya mtu anayejua. Wewe umekaa na mtu asiyejua, naye hakufuati.

Hapa niruhusuni nirudi nyuma kidogo, maana historia yenyewe inafundisha. Neno letu sataranji tumelipata kwa Waarabu, shatranj, nao walilitoa Uajemi, na Uajemi India. Katika ule mchezo wa zamani malkia hakuwapo; palikuwa na waziri aliyekwenda kijumba kimoja tu kwa mshazari. Tembo, ambaye leo ni askofu, aliruka vijumba viwili tu. Askari hawakuwa na ruhusa ya kwenda hatua mbili mwanzoni. Majeshi yalichelewa kukutana. Kwa hiyo mafundi wa Baghdad, wakubwa kama al-Adli na as-Suli, hawakukariri "yeye akienda hivi mimi nakwenda vile". Walikuwa na mipangilio. Kila mmoja alijenga mpangilio aupendao, majeshi yakawa tayari, vita ikaanza. Mpangilio huo uliitwa taabia, msiuchanganye na tabia yetu hii ya kuchelewa mazoezi. Hadi leo wachezaji wakubwa hulitumia neno hilo kwa msimamo ambao ufunguzi fulani hufikia kila mara.

Kisha mwishoni mwa karne ya 15, kule Ulaya, waziri akageuzwa malkia mwenye mbio kote ubaoni, na askofu akapewa mshazari mzima. Mchezo ukawa wa hatari. Ghafla mtu akaweza kufa hatua ya nne. Hapo ndipo kukariri kulipoanza kuwa na maana, na mwaka 1561 padri mmoja wa Uhispania, Ruy López, akatoa kitabu kilichoeleza ufunguzi ambao hadi leo tunauita wa Kihispania: e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu b5. Kwa hiyo ufunguzi tulionao una wazazi wawili. Mmoja anasema panga jeshi lako vizuri. Mwingine anasema angalia usife mapema. Sisi tumemsahau yule wa kwanza.

Huyo wa pili simdharau, wala nisije nikanukuliwa kwamba mwalimu kasema ufunguzi ni upuuzi. Kila mtoto aliyepita klabu hii amewahi kupigwa ile ya hatua nne: malkia h5, askofu c4, na mtoto anatoa farasi f6 kwa furaha kwamba anamtishia malkia, halafu malkia anakula f7, kwisha. Nimewaona wakilia. Mmoja alikwenda chooni hakurudi, tukamkuta kituo cha daladala. Mtoto huyo anahitaji kuonyeshwa, na anahitaji dakika tano.

Wakubwa nao hufa mapema. Tarehe 11 Mei 1997, New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alikaa mbele ya kompyuta ya IBM, Deep Blue, mechi ya sita na ya mwisho, wakiwa sawa. Alicheza Caro-Kann. Hatua ya saba akasukuma askari wa h kijumba kimoja kumfukuza farasi. Farasi hakukimbia, akazama e6, akajitoa kafara, na mfalme mweusi akabaki katikati hana pa kwenda. Kasparov alisalimu amri baada ya hatua 19 tu. Mtu aliyejua funguzi kuliko yeyote wa wakati wake.

Ila tazameni kilichompata miaka mitatu baadaye, London, mwaka 2000, akitetea ubingwa dhidi ya Vladimir Kramnik. Kila mtu alijua Kasparov ana mabomu kwenye ufunguzi. Kramnik akafufua kitu cha zamani, Kihispania cha Berlin, ambacho malkia wote wawili wanatoka ubaoni hatua ya nane. Nyeusi anabaki na mfalme aliyepoteza haki ya kuruka pembeni kujificha nyuma ya ngome, na askari wawili wamerundikana safu moja. Kwa macho ni vibaya. Lakini malkia hawapo, mabomu hayana pa kulipukia, na kilichobaki ni kusukumana taratibu. Kasparov alijaribu kuubomoa ukuta ule akashindwa, na katika mechi kumi na tano hakushinda hata moja. Kramnik alishinda mbili, nyingine sare, akachukua taji.

Watu huitaja Berlin kama ushindi wa maandalizi ya ufunguzi. Ni kweli, nami nakubali. Lakini fikirini aliandaa nini. Aliandaa njia ya kufika haraka mwishoni mwa mchezo, mahali alipojiamini. Mkimpa kijana wangu wa mstari wa pili ile Berlin, atafika hatua ya nane hana malkia, halafu? Nadhani ataniuliza kama kuna video ya sehemu ya pili.

Halafu kuna Singapore, Desemba 2024. Hii mnaikumbuka, wengi mliifuatilia kwenye simu. Ding Liren wa China na Gukesh wa India, mechi kumi na nne, na ya mwisho wameingia sawa kwa sawa. Timu za watu, kompyuta, miezi ya maandalizi. Mechi hiyo ya mwisho ilifika pale ambapo kila mmoja ana ngome na askofu, Gukesh amezidi askari mmoja, na kila mtu anangoja sare. Hatua ya 55 Ding akapeleka ngome f2, akataka wabadilishane. Gukesh akatazama, akatazama tena. Ngome zikibadilishana, askofu wa Ding amebanwa pembeni naye atabadilishwa, na wafalme na askari watakaobaki wanampa Gukesh, mwenye Nyeusi, ushindi. Ubingwa wa dunia ukahamia kwa kijana wa miaka 18, katika aina ya msimamo ambao mimi huufundisha Jumamosi na nyie mnapiga miayo.

Kuna jaribio jingine zuri lililofanyika bila mtu kulikusudia liwe jaribio. Mwaka 1996, Buenos Aires, Bobby Fischer alitangaza mchezo ambao kete za nyuma zinapangwa kwa bahati nasibu, misimamo 960 ya kuanzia, ili kukariri kusiwe na kazi. Sasa mngetarajia nini? Kama ubora wa wakubwa ulikuwa kwenye kukariri, pale wangeanguka na wengine tusiowajua wangepanda. Mashindano ya dunia ya mchezo huo yakafanyika: 2019 akashinda Wesley So, akimfunga Magnus Carlsen kwenye fainali, 2022 akashinda Hikaru Nakamura. Majina ni yaleyale. Uliwanyang'anya kitabu, wakabaki na macho.

Haya, mtasema mwalimu umebomoa, sasa jenga.

Mimi nafundisha ufunguzi. Nafundisha kidogo, na nafundisha kwa "kwa nini". Chukueni hicho Kihispania. Nyeupe huwa anasukuma askari c3, mapema kabisa. Aliyekariri atawaambia: hatua ya nane ni c3. Muulizeni kwa nini. Kuna mtego wa zamani unaitwa Safina ya Nuhu: askofu mweupe amerudi b3, Nyeusi anasukuma a6, b5, kisha c5 na c4, askari watatu wanamfungia askofu kama kuku kwenye tenga. Anakufa bila kupiga kelele. Askari wa c3 anampa askofu nyumba ya c2. Na anamsaidia askari wa d kwenda d4 kushika katikati. Ukishajua hayo mawili, hutaisahau c3 maisha yako yote, na siku mpinzani akibadilisha utaratibu utajua bado unaihitaji au huihitaji tena.

Yupo binti mmoja hapa, ana miaka kumi na moja, mnamjua kwa kuwa amewafunga wengi wenu. Anacheza Kiitaliano, anazijua hatua tano, labda sita. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama nyuma yake. e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, na yule kaka mbele yake akasukuma h6, hatua moja ya woga, anazuia farasi asije g5. Haikuwa kwenye alichofundishwa. Binti akaweka mikono chini ya mapaja, ndivyo nilivyowafundisha ili msikimbilie kushika kete, akatazama. Kisha akasukuma d4 palepale, akamfungulia katikati mfalme ambaye bado hajajificha. Baada ya mechi nikamuuliza kwa nini d4. Akasema, "Kapoteza zamu moja, mwalimu. Mimi nimetoa kete mbili, yeye moja." Hakuna jina la ufunguzi mle. Hiyo ndiyo taabia ya as-Suli, imetoka kinywani mwa mtoto wa darasa la tano.

Namna ninayotaka mfanye ni ndogo kiasi kwamba mtaidharau. Chagua kitu kimoja cha kucheza ukiwa Nyeupe. Chagua jibu moja la e4 na jibu moja la d4. Basi, funga duka. Kila ukimaliza mechi, andika, tafuta ni hatua gani ya kwanza ulijikuta hujui, ukaangalie hiyo tu, na ukaangalie hatua moja zaidi ya pale. Mechi ya kesho itakufikisha mbele kidogo. Kitabu chako cha ufunguzi kitaandikwa na wapinzani wako halisi, hawa wa Temeke na Kinondoni, wenye c3 zao na machungwa yao. Muda unaobaki, na utabaki mwingi, mafumbo kumi ya kete kila siku na mwisho wa mchezo mara mbili kwa wiki. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia 1921 hadi 1927, alisisitiza kwamba mafunzo yaanzie mwishoni, kete chache ubaoni, ili uone kila moja inaweza nini. Babu yangu alinifundisha bao vivyo hivyo: hakunikabidhi kete 22 za mkononi siku ya kwanza. Alinikalisha pembeni nikatazama kete zinavyotembea mpaka nikachoka, kisha ndiyo akaniruhusu kunamua, yaani kuanza kuziingiza hizo za mkononi ubaoni.

Wapo hapa wawili watatu ambao wamevuka 2000 kwenye alama za kupima uwezo wa mchezaji. Kwao hayo hayatoshi, nao wanajua. Wapinzani wao wanaandaa, wanatafuta mechi zao kwenye mtandao kabla ya raundi. Huko mtu lazima akae na injini ya kompyuta, yaani programu inayocheza sataranji, ajue njia hadi mbali. Nawatakia kila la heri, na tafadhali msiwaambie wadogo zenu kwamba hivyo ndivyo mlivyoanza. Mimi niliwaona mlivyoanza.

Wazazi, neno moja. Mtauziwa kozi. "Ufunguzi wa mabingwa, saa arobaini za video." Kabla hujatuma hela, muulize mtoto swali nililomuuliza huyu wa mstari wa pili: mechi yako ya mwisho ilikufa wapi? Akishindwa kujibu, hela hiyo mnunulie daftari na kalamu, na chenji itabaki ya nauli ya kuja hapa.

Kuna aliyeinua mkono. Ndiyo, baba. Anauliza, je, mtoto akipenda ufunguzi kwa raha yake? Ah, hapo sina neno. Mimi mwenyewe bado naipenda Najdorf. Naifungua usiku kama watu wengine wanavyofungua redio ya zilipendwa. Siidai inipandishe.

Nimeuacha msimamo wa Philidor kwenye ubao wa kwanza, ule wa dirishani. Mfalme e8, ngome a1, zamu ya Nyeusi. Nitakaa upande wa Nyeupe mpaka saa saba. Atakayenilazimisha sare, chai na maandazi ni juu yangu. Kijana wa mstari wa pili, weka simu mfukoni, njoo uwe wa kwanza.